Nyuzi Ishirini na Tano Chini ya Nyasi

Taa zangu zilikuwa za rangi ya zambarau, na hilo peke yake lilitosha kunitangaza mtaani. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Bariadi mjini. Sebuleni, mahali ambapo wengine huweka televisheni, niliweka rafu ya mbao yenye trei nne za miche ya nyanya, na juu ya kila trei nikaning'iniza taa ya LED. Jioni ya kwanza mama mwenye nyumba alichungulia dirishani.

"Binti, umefungua baa bila kutuambia?"

Nilimweleza. Kitalu cha nje nilikuwa nimekijaribu mara mbili. Mara ya kwanza waliingia kuku, mara ya pili mbuzi, na miche iliyobakizwa na mbuzi ikamalizwa na panzi. Ndani nilitumia maji kidogo na sikugombana na mwenye mifugo yeyote. Taa zingefanya kazi ya jua.

Nilichosahau ni joto. Maelezo niliyosoma yalisema miche ya nyanya hustawi mchana kwenye nyuzi ishirini hadi ishirini na sita, na usiku zipungue kidogo. Nikanunua kipimajoto, nikawa nakisoma mara tatu kwa siku na kuandika daftarini. Saa nane mchana sebule yangu ilifika thelathini na saba. Miche ikarefuka haraka, shina jembamba kama uzi, majani yamejikunja.

Nilizishuku taa. Nikazizima siku nzima, kipimo kikabaki palepale. Nilipoziwasha na kuzigusa, zilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Mkosaji alikuwa juu zaidi: bati, na nyumba haikuwa na dari. Nikatundika kanga zilizoloweshwa, nikatandaza magunia yenye maji, nikawasha feni ambayo ilikausha trei zote kabla ya saa sita.

Siku hizohizo, nyumbani kwetu upande wa Mwamapalala, kulikuwa na kesi nyingine. Mama yangu anaishi katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Kaka yangu, aliyejenga nyumba ya tofali na bati hatua chache kutoka hapo, alikuwa amechoka kusikia watu wakisema watoto wana kazi zao na mama yao bado yuko chini ya nyasi. Tulichanga, tukanunua bati. Rangi ya maruni niliichagua mimi. Fundi angekuja Jumatatu kuezua nyasi. Mama hakutaka. Tulipomuuliza sababu alisema anaipenda nyumba yake ilivyo, na sisi tuliosoma hatukuihesabu hiyo kuwa sababu.

Nilikwenda Jumamosi kwa ajili ya kikao cha kesho yake. Mjini hapakuwa na wa kunimwagilizia miche, kwa hiyo niliibeba, pamoja na taa moja.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Hayo majani ndiyo mboga uliyoniletea?"

Akaziingiza trei ndani kwake, mbuzi wasizione. Kipimajoto kilikuwa kimechomekwa kwenye trei mojawapo, nikakisahau humo. Saa nane nilipoingia kumwagilia nilikisoma, nikakitikisa, nikakisoma tena.

"Kimekufa?" mama aliuliza.

"Hapana. Kinasema humu ni nyuzi ishirini na tano."

"Ni nyingi?"

"Ndizo ninazozitafuta wiki tatu sasa."

Alikichukua mkononi mwangu akanitaka nimfundishe kukisoma. Kisha akakipeleka kwenye mtungi wa maji, kwenye chai yangu, na chini ya kuku anayeatamia, ambaye alimdonoa. Baadaye nilimwona akivuka ua kuelekea nyumbani kwa kaka, akiwa na kamba.

Jumapili baada ya ibada tulikaa kikao. Kaka alikuwa bado amevaa koti.

"Fundi anakuja kesho," alianza. "Naomba tusirudie maneno."

"Kabla ya fundi, twende kwako," mama alisema.

Chumbani kwa kaka kipimajoto kilikuwa kimefungwa kwenye boriti, kioo chake kimegusa bati. Arobaini na sita. Mama alisimama pembeni kama wakili aliyemaliza kazi. Mimi nikakifungua, nikakishusha hadi usawa wa kitanda, nikaomba tungoje. Kikatulia kwenye thelathini na tano.

"Wewe uko upande wa nani?" mama aliniuliza.

"Wa kipimo, mama. Hata thelathini na tano inakutosha kushinda."

Tukavuka ua kwenda kwake. Ishirini na tano. Kaka alivua koti, akajifuta shingo, akakaa kwenye kigoda. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Watu watasema bado tumekuacha kwenye nyasi," alisema mwishowe.

"Waambie ni nyumba ya miche. Ya wasomi."

"Miche kwenye giza hili?"

Hapo ndipo nilipowasha taa yangu kwa betri ya sola ya kaka mwenyewe. Aliruka. Umeme chini ya nyasi? Nilitaka kumchoma mama? Nikaiacha ikiwaka saa nzima, chini kabisa karibu na trei, mbali na paa, kisha nikamwambia aiguse. Aligusa kwa ncha ya kidole, halafu kwa kiganja chote, akanitazama.

"Haina hata moto wa kukausha soksi."

"Ndiyo maana ya LED, kaka. Mwanga ni wa taa. Ubaridi ni wa mama."

Mama alisema ameshinda na yeyote anayepinga aende akalale kwenye arobaini na sita.

Fundi alipofika Jumatatu, mama alimpokea yeye mwenyewe na kumwonyesha kazi: bati zitumike kuezekea jiko, na zilizobaki ziwe paa la kukingia maji ya mvua. Kaka alikwenda kuagiza nyasi mpya. Mimi nilileta rafu na taa zote kutoka mjini, nikazipanga ukutani mkabala na kitanda cha mama, waya mbali na nyasi. Wiki ya pili miche ilikuwa na shina nene na majani ya kijani kilichokolea. Mama anaandika vipimo kwa mkaa ukutani, na sijapata kosa.

Kaka naye huja kila siku saa nane mchana. Husema amekuja kuikagua miche. Huingia, hurudishia mlango, na baada ya dakika chache mama aliye uani, pamoja nami ninapokuwa nimekuja, tunamsikia akikoroma.