Watu wa Kamba wa Mto Songwe

Wenzangu tuliokulia kando ya Mto Songwe, jirani na Isongole, mtalikumbuka rimu la lori lililoning'inia nje ya kanisa. Likigongwa mara moja, ni ibada. Likigongwa mfululizo, mto umembeba mtu, na hapo hata aliyekuwa na tonge mkononi aliliacha. Enzi zetu hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Watu wa kamba, ndio waokoaji wetu, walipewa togwa na mahindi ya kuchoma, wakarudi shambani na nguo zao mbichi.

Baba ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa na sharti moja, hata sisi watoto tulilifuata tukicheza kuokoana: ndugu wa anayezama haingii majini wala hashiki kamba. Ndugu ana pupa, alisema, na pupa huzamisha wawili.

Mwaka ule masika yalikuwa makali. Mchana mmoja, kwetu jua linawaka, mvua ikanyesha milimani na mto ukaja ghafla, mwekundu, umebeba magogo. Rimu likalia. Nilimfuata baba mbio hadi ukingoni. Alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni, tyubu ya tairi la lori begani, ndipo akamtambua mtu aliyeng'ang'ania mti katikati ya maji. Alikuwa mama, anarudi kutoka ng'ambo, Malawi, alikokwenda kununua sabuni.

Wanaume wote wakamtazama baba. Akaifungua kamba, akampa jirani yetu Ambakisye.

"Baba Tumpe, njoo wewe," mama aliita. Tumpe ni mimi.

"Anakuja Ambakisye. Mshike yeye."

Nilimchukia baba kwa moyo wangu wote. Ambakisye aliingia, maji yakampitisha mbali na mti, wakamvuta, akaenda kuingilia juu zaidi. Mti ukaanza kuinama. Baba alinishika mkono hadi ukafa ganzi. Mara ya pili Ambakisye akamfikia mama, akamvisha tyubu, nao wakavutwa taratibu, taratibu mno kwangu mimi.

Mama alimshukuru Ambakisye mbele ya kijiji kizima. Baba alikaa wiki nzima bila kusemeshwa na mama; chakula alitengewa, akala peke yake.

Siku hizi tuna daraja. Na vijana wetu, Mungu awabariki, mtu akitumbukia mtoni wao ndio wa kwanza kufika, kila mmoja na simu yake, wanagombea pa kupigia picha. Ndugu na wasio ndugu wamejaa ukingoni, kamba hakuna. Nawatania, lakini inaniuma.

Wiki tuliyomzika baba, nilimuuliza mama kama aliwahi kumsamehe.

"Siku ile ningemwona anaingia," akasema, "ningeuachia mti nimfuate. Tungekufa wote, mwanangu."

Nikamuuliza kama baba aliwahi kuyasikia hayo. Akasema hapana.