Televisheni Iliyokataa Kunyamaza

Baba alipopata kiharusi, ulimi ulikufa na mkono wa kulia ukafa nao. Mtu aliyekuwa akipiga mluzi kule kijijini Sapiwi na ng'ombe wote wakageuza shingo, mdomo ulipinda, hata kupuliza moto hawezi. Nilimleta kwangu Bariadi, nikamkalisha sebuleni mbele ya televisheni, na hapo akajitafutia mluzi mwingine.

Rimoti zilikuwa tatu: ya televisheni, ya king'amuzi na ya deki. Kidole gumba cha kushoto, ambacho bado kilimtii, kilijifunza kitufe kimoja tu kwenye ile ya televisheni. Akikibonyeza, televisheni inahamia kwenye tundu lisilochomekwa waya wowote. Kioo kinakuwa cha bluu, sauti inakatika. Nami huko uani, nikisikia kimya, najua Baba ananiita. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chetu mara nyingi kilikuwa na haja ndogo.

Kwetu binti haoni uchi wa baba yake, hata awe mgonjwa kiasi gani. Kwa hiyo bluu ikitokea nilikimbilia kwa jirani yetu, mzee fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Naye aliingia kila mara kama mtu aliyekuja kusalimia tu. "Mwangaluka, baba!" anasema, hata kama ni saa kumi jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi, kisha anarudishia mlango. Mimi nabaki nje. Heshima yote ya Baba ilikuwa kwenye kitufe hicho.

Kaka yangu akaja kutoka Mwanza na zawadi. Kaka yangu ni hodari wa kuleta vitu. Kukaa ndiko kunakomshinda.

"Dada, mambo ya kurundika rimoti yamepitwa na wakati," akasema. "Hii ni moja kwa vyote. Unabonyeza deki, TV inahamia yenyewe kwenye deki. Unabonyeza king'amuzi, inahamia yenyewe."

"Na Baba ataniitaje?"

Tukajaribu. Baba akabonyeza, bluu ikaja, akatabasamu kwa nusu ya mdomo na kuikumbatia zawadi ya mwanawe kifuani. Hakuna aliyekumbuka kwamba wakati ule nyaya za deki na king'amuzi zilikuwa bado zimechomolewa. Kaka akazichomeka, akawasha kila kitu, akawahi basi.

Kesho yake mchana nilikuwa uani nakata viazi vya kuanika michembe. Ndani kwaya inaimba kutoka kwenye deki, mara taarifa ya habari, mara kwaya tena. Nikajisemea, leo Baba anafurahia zawadi yake, acha aichezee. Hata nikaitikia ule wimbo.

Nilipoingia kuchukua ungo, sofa ilikuwa imelowa na mkeka umelowa. Kidole gumba bado kilikuwa kinabonyeza. Kila akibonyeza, televisheni inaruka lile tundu tupu, inaacha kwaya inakwenda kwenye habari, akibonyeza tena inarudi kwenye kwaya. Ilikuwa inamtafutia picha, yeye alitaka kimya. Mashavu yake yalikuwa na machozi, na hakunitazama.

Nikakimbia kwa jirani. Mlango una kufuli, mzee amekwenda mnadani. Nilisimama pale barabarani na hasira za kutaka kupiga mtu: kaka na akili zake za mjini, kiwanda kilichoamua kwamba kimya ni kosa la kurekebishwa. Kisha nikarudi, nikateka maji, nikashusha pazia.

Nilimwosha baba yangu macho yangu yakiwa ukutani. Yeye aliyafumba yake. Kwaya ikaendelea kuimba, maana mikono yangu ilikuwa na sabuni.

Jioni ileile nilimrudishia rimoti ya zamani. Akaishika, akaigeuza, akaiweka kifudifudi juu ya sofa. Kaka akapiga simu kuuliza kama zawadi inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kazi sana, njoo ukae nayo. Akacheka, akidhani namtania.

Jirani bado anakuja, lakini siku hizi nakwenda kumwita kwa kukisia. Baba habonyezi tena kitu. Televisheni inaongea kutwa nzima, nami naacha viazi, naingia kuchungulia, natoka, naingia tena. Kila nikiingia, anafumba macho.