Mikono ya Mama Kwenye Filamu ya Mzee Cheche

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Shule yangu iliishia darasa la nane, na naandika polepole kwa sababu vidole vyangu vimezoea majani chai kuliko kalamu. Hata sasa nikiinamia karatasi nasikia harufu yake, ile harufu kali ya majani mabichi isiyotoka kwa sabuni. Harufu hiyo hunirudisha Jumapili moja pale Ekerenyo ambayo hadi leo inanikasirisha. Sijawahi kumsimulia mtu. Nawasimulia ninyi kwa sababu hamnioni.

Kwetu ni karibu na Sironga. Mama alichuma chai yetu na ya watu wengine, na akichuma aliimba nyimbo za Mzee Cheche. Mzee huyo alipiga muziki wa roki tangu mama akiwa msichana. Alikuwa na mvi hadi kwenye ndevu, koti la ngozi hata jua likiwaka, na gitaa la umeme lililolia kama bati linalokatwa na msumeno, kisha ghafla likatulia kama mtu anayebembeleza mtoto. Redio ikipiga wimbo wake, mama aliacha ugali uungue. Mimi nilimpenda kwa sababu mama alimpenda, na kwa sababu siku hizo za ugali ulioungua hakuna aliyelalamika.

Nikiwa darasa la tatu, Mzee Cheche alikuja kwenye kilima chetu na watu wa kamera, kurekodi filamu ya wimbo wake kuhusu wachuma chai. Nilikuwa shuleni. Niliporudi, mama alikuwa anamenya ndizi kama siku zote.

"Leo wamenirekodi," akasema, basi.

Kesho yake alisema hivyo hivyo kwenye kituo cha kuuzia majani, na habari ikafika hadi kanisani. Mama Bosibori, jirani yetu aliyegombana na mama kuhusu mpaka wa migomba, akaanza kumwita Sinema. "Sinema, sogeza kikapu chako." "Sinema, leo gari lako limekwama wapi mpaka unakuja na viatu vya gambuti?" Wanawake wengine walicheka. Mama alimwaga majani yake mezani akayachambua. Mimi nilimchukia Mama Bosibori kwa moyo wangu wote mdogo, nikaomba filamu itoke upesi imfunge mdomo.

Ikatoka. Tukatangaziwa kwamba Mzee Cheche atapiga muziki Ekerenyo, na filamu yenyewe itaonyeshwa kwenye skrini kubwa juu ya lori. Tulikwenda baada ya misa. Nilivaa sare ya shule, kwa kuwa ndiyo nguo yangu pekee isiyokuwa na kiraka, ingawa pindo lilikuwa limechanwa upande mmoja. Mama ndiye aliyelichana, wiki ile ya kurekodiwa filamu, alipojikata kidole gumba kwa panga. Alifunga jeraha kwa kipande hicho cha miraba ya samawati, akaenda kuchuma.

Siwezi kuwadanganya, muziki ulikuwa mtamu. Ngoma zilinigonga kifuani kama mtu anayebisha hodi. Mzee Cheche aliegemea nyuma, akafumba macho, na gitaa likapiga kelele hadi kuku wa mama mboga wakakimbilia chini ya meza. Vijana wa bodaboda walisimama juu ya pikipiki zao. Kisha skrini ikawaka, nikaona kilima chetu, chai yetu, hata tangi letu la maji lenye kutu.

Akatokea msichana aliyepaka midomo rangi, kikapu mgongoni, anacheka na majani. Kisha ikaja mikono peke yake, mikubwa kama milango, vidole vyeusi kwa utomvu, vinakata machipukizi upesi upesi. Kwenye kidole gumba palikuwa na kitambaa cha miraba ya samawati. Kisha tena uso wa yule msichana, anacheka. Nikangoja uso wa mama. Wimbo ukaisha.

"Haya, Sinema," akasema Mama Bosibori nyuma yetu, "ulikuwa wapi? Ama wewe ndiye uliyeshika kamera?"

Kabla mama hajageuka, Mzee Cheche alimpandisha yule msichana jukwaani, akauinua mkono wake. Kucha zilikuwa nyekundu, safi.

"Watu wa Ekerenyo," akasema, "pigieni makofi mikono hii. Hii ndiyo mikono ya chai."

Na watu wakapiga. Watu wenye vidole vyeusi kama vya mama walipiga makofi mpaka nikataka kulia.

Mimi nilikuwa mtoto wa kusalimia wageni nikiwa nyuma ya mlango. Lakini siku hiyo nilishika pindo langu lililochanwa, nikalinyoosha mbele ya Mama Bosibori. Akatazama pindo. Akatazama kovu kwenye kidole cha mama. Alielewa, nilimwona akielewa.

"Kumbe," akasema. "Basi kilichoingia kwenye filamu ni kitambaa. Si wewe."

"Na wewe," mama akauliza, "kilichoingia ni nini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Bosibori akatema mate kando. Hadi leo wakikutana njiani kila mmoja hutazama migomba ya upande wake.

Gitaa likaanza tena. Nilimchukia yule mzee, na mguu wangu ukacheza. Niliukanyaga kwa mguu mwingine, nao ukacheza. Mama alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikigonga paja. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza anampendea nini mtu kama huyo.

"Gitaa lake nalipenda," akasema. "Yeye simpendi."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba walimwibia mama uso wake, naye akaogopa kuwaambia. Sasa nachuma naye, mstari wake na wangu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alituonyesha wimbo ule kwenye simu, na mikono ilipopita nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mama kwa nini uso wake ulikatwa kwenye filamu.

Hakuacha kuchuma. "Waliniambia nicheke," akasema. "Nichume huku nacheka. Nikawauliza, kwani majani yamesema nini? Wakaniomba tena na tena. Nikawaambia, chukueni mikono, uso wangu nakwenda nao nyumbani."

Nikaitazama mikono yangu, nayo imeshakuwa kama yake, na sikucheka.

Kama filamu hiyo imewahi kupita mbele yenu, nanyi mlimwangalia yule msichana, itazameni tena mwangalie mikono. Halafu niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, mniambie kama nanyi mnaona mikono hiyo imekasirika.