Mabutu ya Neema

Nilipokuwa mtoto niliwahi kumzuia mtu asikue. Wengine wanajisifu kwamba waliona chatu mwenye vichwa viwili. Mimi sina haja ya kuongeza chumvi. Nilisimamisha urefu wa binti mzima kwa miezi mitatu, kwa mguu wangu mwenyewe, tena Guangzhou, Uchina, ambako hata mizimu ya kwetu ingedaiwa viza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama na mdogo wake, mama mdogo Rehema, walikuwa wanunuzi wa jinzi. Asubuhi wanakwenda viwandani Xintang, jioni wanarudi Sanyuanli tulikopanga, vidole vimegeuka bluu. Sisi watoto wa wafanyabiashara, saba kwa jumla, tulishinda ghorofa ya chini kwa Madam Ofelia.

Madam alitoka kisiwa kimoja kidogo cha Karibiani. Alikuwa mweusi kama sisi, lakini Kiingereza chake kilipanda na kushuka kama kinaimbwa. Na alikuwa mfupi. Simaanishi mfupi hivi hivi. Mimi wa miaka kumi na moja nilikuwa nauona utosi wake. Lakini mfupi huyohuyo alikuwa mwalimu mkuu kwao, kisha mkubwa wizarani, akikagua shule za kisiwa kizima. Alipostaafu akaja kufundisha chuo fulani pale mjini. Jioni alikuwa wa wanachuo, mchana alikuwa wetu.

Alikuwa na kengele ya shaba, ya kushika mkononi, aliyotoka nayo shule yake ya kwanza. Aliyepewa kuipiga ndiye mkubwa wa darasa. Na kila tarehe mosi alitupima kwenye fremu ya mlango: rula kichwani, mstari wa penseli, jina. Kule wizarani ndiye aliyepigania watoto wa shule wapewe maziwa, na alipenda kusema, "Ripoti yoyote inaweza kudanganya, ila mtoto anayerefuka hadanganyi."

Kengele niliishika mimi. Niliipiga vizuri hata Wachina wa duka la jirani walikuwa wakitoka kunitazama. Halafu akaja Neema kutoka Singida, binti wa mama mdogo, miaka tisa, meno ya mbele hayajamaliza kuota. Wiki ya pili alikuwa anasoma kitabu changu vizuri kuliko mimi. Wiki ya tatu Madam akanivua kengele.

"Usinune, Yona. Kengele ni ya anayewahi."

Kuchelewa nilichelewa, sikatai. Lakini wivu hausikilizi hoja. Kila Neema alipoipiga, nilisikia kama inalia ndani ya meno yangu.

Sasa, Wachina wakishakula mchana hulala kidogo. Hata muuza duka utamkuta kaegemea marobota, mdomo wazi. Madam aliupenda utaratibu huo, akatutandikia maboksi yaliyokunjuliwa, tukawa tunalala kwa mstari, Neema mwishoni, kengele kichwani pake. Na bibi yetu wa Singida alikuwa ametukanya sote: usimruke mtu aliyelala, hatakua. Ukipitiwa ukamruka, mruke tena kurudi ulikotoka.

Mimi sikupitiwa. Siku hiyo niliinuka, nikapandisha suruali, nikamruka kiunoni kutoka dirishani kwenda ukutani, nikaenda zangu chooni. Wakati wa kurudi, nilizunguka.

Tarehe mosi ilipofika, mstari wa Neema uliangukia palepale kwenye ule wa zamani. Mwezi uliofuata, vilevile. Wa tatu, vilevile. Wangu ulipanda, nami nikapiga mluzi. Lakini mama mdogo naye alikuwa na macho. Akampeleka kwa muuza mitishamba, Neema akawa anakunywa maji meusi machungu huku kabana pua, machozi yakimtoka.

"Sitaki mwanangu adumae ugenini," mama mdogo akamwambia mama. "Jumamosi anarudi kwa bibi yake."

Hapo mluzi ulikauka. Neema akipanda ndege, urefu wake utabaki Sanyuanli juu ya boksi, na wa kuurudisha ni mimi peke yangu! Tangu Jumatatu nikawa namvizia saa ya kulala. Halali. Yuko mezani, anakimbiza kitabu akimalize kabla ya safari.

"Lala, we mtoto," nikamnong'oneza. "Utaumwa macho."

"Na wewe utaumwa kiherehere."

Ijumaa nikaenda kwa Madam, nikatapika yote. Nilitegemea fimbo, au kicheko. Aliweka chaki chini.

"Ulimruka kwa sababu ya kengele?"

Nikaangalia viatu.

Akavuta kiti. Akaniambia bibi yake, kule kisiwani, alikuwa na katazo hilohilo. Madam alipofaulu kwenda shule ya juu na kaka yake akafeli, kaka alimruka akiwa amelala barazani. Bibi akamwamuru arudi. Akakataa. Madam alianza kufundisha akiwa na miaka kumi na sita, amesimama juu ya kreti ya soda ili aufikie ubao. Wizarani kiti chake kiliwekwa mito miwili, na waliocheka mito ndio baadaye walipanga foleni mlangoni na mafaili. Na yule kaka, mrefu kama mlingoti, akaishia kuwa mlinzi wa shule. Kazi alitafutiwa na Madam.

"Miaka yote ile alinifungulia geti. Kila asubuhi nilimwona ana neno mdomoni. Hakulisema."

"Lingekurefusha, Madam?"

"Mimi nilishazoea kreti. Lingemrefusha yeye."

Akapiga kengele, akamlaza Neema chini mbele ya wote, akaniamuru niseme. Nikasema.

"Mshenzi wewe!" Neema akainuka kwa kiwiko. "Kumbe yale matope nimekunywa kwa ajili yako?"

"Lala, dada. Nakurudisha."

Nikamruka kutoka ukutani kwenda dirishani.

"Tena," akasema.

"Mara moja inatosha."

"Tena! Wewe hukuyanywa."

Nikazunguka, nikamruka tena kwa upande uleule. Darasa zima likashangilia.

Madam akamsimamisha kwenye fremu, ingawa haikuwa tarehe mosi. Neema alikuwa amesukwa mabutu ya safari, yamesimama kama pembe. Madam akalaza rula juu ya mabutu, akachora, akamwita mama mdogo, ambaye siku hiyo alibaki juu akifunga mizigo ya safari. Mstari ulikuwa umepanda vidole viwili. Mama mdogo alishika mdomo, akacheka, akalia. Safari ikafa palepale.

Mimi niliyaona mabutu. Nilifungua kinywa niseme, nikakuta Madam ananitazama. Nikakifunga. Miezi miwili baadaye Neema aliupita mstari ule kwa kichwa chake mwenyewe, na kengele ilibaki kwake.

Leo nina duka la jinzi, bora mtaa mzima, uliza yeyote. Neema ni afisa elimu, kanipita kichwa kizima, na kengele ya Madam iko juu ya meza yake. Siku hizi nasema urefu ule ni kazi yangu, nilimrudisha mara mbili. Watu hucheka. Mimi huangalia ile kengele.

Krismasi iliyopita, nyumbani kwa mama, nilimkuta Neema amelala mkekani ukumbini, miguu imeziba mlango. Nilikuwa na kiu, na mtungi uko upande wa pili. Nilisimama pale muda, nikimtazama alivyo mrefu. Wivu haukufa, umezeeka tu pamoja nami. Nikatoka nje, nikaizunguka nyumba yote juani, nikaingia kwa mlango wa jikoni.

"Umezunguka?" akauliza, macho kayafumba.

"Nimezunguka."

"Haya. Niletee na mimi maji."