Posho Yetu ya Chai kwa Nchi Tajiri

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na minne, baba yangu alifariki kule Lupepo na shule yangu ikaishia darasa la nne. Sikuililia shule. Kilichoniliza ni njaa ya wadogo zangu. Wiki hiyohiyo nilishuka kwenye ukungu hadi kiwanda cha chai, miguu mitupu, nikapanga foleni na vibarua.

Nyapara wa kunyausha aliniangalia mikono, akauliza kama najua kusoma. Nikasema kidogo.

"Hicho kidogo kiache nje," akasema. "Humu tunasoma kwa pua."

Ninyi mnaokunywa chai bila kujua inakotoka, ngoja niwaeleze. Jani bichi likitoka shambani limejaa maji, na mvua ya huku kwetu mnaijua. Unalitandaza kwenye vitanda virefu vya wavu, feni inapuliza hewa kwa chini, mpaka jani linalegea kama kitambaa. Huko ndiko kunyausha. Likikauka kupita kiasi chai inakuwa makapi, likibaki bichi mashine ya kusaga inatoa uji. Likishasagwa linaachwa lichachuke, yaani litoke kwenye kijani lipate rangi ya shaba, ndipo linakaushwa. Nilijifunza kwa kunusa, na kwa makofi ya kisogoni.

Baadaye nilihamishiwa boila. Boila ni tangi kubwa la maji linalochemshwa kwa kuni za mkaratusi. Mvuke wake ndio unaopasha hewa ya kukaushia chai. Msimamizi wa boila alikuwa mtu wa Kinyala, mnene wa shingo, mchache wa maneno. Siku ya Krismasi yangu ya kwanza pale nilimwomba ruhusa nikaimbe kanisani. Akaniambia niimbie palepale, moto nao unapenda nyimbo. Nikaimba peke yangu mbele ya tanuri. Kazi ya boila ni ya upweke hivyo. Wenzako wako juu wanapiga soga kwenye uchambuzi, wewe uko chini na moto wako.

Alipostaafu yeye, meneja wa kiwanda alinipa nafasi yake. Hakuna aliyenibeba. Siku za mapumziko nilikuwa nakodi shamba Isongole nalima viazi, na viazi vile ndivyo vilivyojenga nyumba yangu, tofali kwa tofali. Wenye vyeti waliokuja na suruali zilizonyooshwa wengi wao leo wamepanga. Nasema ukweli, anayetaka kununa anune.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilikuwa kituo cha bodaboda hapa Tukuyu, nikawasikia vijana wanabishana. Nchi moja tajiri imepatwa na maafa, na nchi nyingine zinatuma misaada. Kijana mmoja akasema huo ni ujinga, maskini kumpelekea tajiri, watatucheka. Wakaniuliza, "Mzee, wewe unaonaje?" Nikawaambia nitaandika, kwa sababu jibu langu lisingeisha kabla abiria hajaja.

Miaka yangu ya mwisho kazini aliletwa fundi mgeni kutufungia mashine mpya ya kukaushia. Nchi yake sitaitaja, watu wake hawajanituma niwasemee. Inatosha kujua kwamba ni tajiri, na kila mashine mle ndani ilikuwa na maandishi ya kwao. Fundi alikaa peke yake kwenye nyumba ya wageni juu ya kiwanda. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, akiniita Mzee Boila, na mchana alikula mkate wake amesimama.

Siku moja redio ya bwalo ikatangaza kwamba ardhi imetikisika kwao na bahari imeingia mjini. Mji huo ndiko alikokuwa akiishi dada yake, ndugu yake pekee. Meneja alitueleza kwamba simu ya dada haipatikani. Fundi siku hiyo alikuja kazini kama kawaida, akafunga nati zake.

Redio ikaongeza kwamba serikali yetu imetuma salamu za pole na mchango. Bwalo zima likacheka. Wa kwanza kuongea alikuwa Asajile, mchambuzi wa chai, mtu wa maneno tangu tukiwa vibarua.

"Tajiri akilowa anajinunulia kiwanda cha taulo," akasema. "Sisi zahanati inavuja, tunampelekea nani pole?"

Nilisema tukusanye posho yetu ya chai ya mwezi ule, tumpelekee fundi, tukae naye. Posho ile ilikuwa chai ya vumbi, ile laini inayobaki chini ya chekeche. Ile nzuri ilikuwa inakwenda nje. Mmoja akasema kama ni lazima, basi tumwombe meneja chai ya daraja la kwanza, tusijitie aibu. Nikakataa. Hiyo ni ya kwao tayari, wameshailipia. Mtu anapelekewa unachokunywa wewe.

Niliwakumbusha yule tajiri wa mjini mwenye malori, alipofiwa na mwanawe. Sisi Wanyakyusa tukienda msibani mikono haiendi mitupu. Unabeba mkungu wa ndizi, kuni, hata mboga, unaweka chini bila kuhutubia, kisha unakaa, na wengine wanalala hapohapo siku kadhaa. Kwa yule tajiri watu walikwenda mikono mitupu, maana ana kila kitu. Na kwa kuwa hawakuleta kitu, waliona haya kukaa. Walikula wali wake wakaondoka. Nilimwona kesho yake, yuko uani peke yake katikati ya mabenchi.

"Na huyu mnataka akae hivyohivyo?" nikauliza.

Asajile akasema, "Nenda wewe, balozi wetu." Wakacheka tena. Jina hilo la Balozi halijanitoka mpaka leo.

Nikaenda na mke wangu Tumpe. Yeye alijitwika mkungu wa ndizi, mimi nikashika posho yangu ya chai kwenye mfuko wa karatasi. Mvua ilitunyeshea mlima mzima. Fundi akafungua mlango, akaona ndizi, akarudi ndani. Akatoka na pochi mkononi.

"Bei gani?" akauliza.

Alidhani tunauza. Niliona aibu, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake. Alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kufika mlangoni kwake bila bei.

"Hakuna bei," nikasema. "Pole kwa dada."

Akasimama na pochi yake. Akasema nchi yake ina kila kitu, chakula kipo, helikopta zipo, nisihangaike. Tumpe akaniuliza kwa Kinyakyusa amesema nini, nikamweleza. Naye akajibu, nikatafsiri: "Mama anasema hatukuja kujaza kabati. Tumekuja kukaa."

Yule mtu akaketi kwenye ngazi, palepale penye matone, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Tumpe akampita akaingia jikoni kwake bila kuomba, akamenya ndizi, akapika mbalaga, zile ndizi zetu za kuchemsha, na maharage aliyoyakuta. Mimi nilichemsha chai ya vumbi, nyeusi kama lami. Akanywa, uso ukamkunjamana, akaomba nyingine. Tulikaa naye hadi jioni. Alipotusindikiza alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Sijui nani alimfundisha.

Wiki hiyohiyo alisafiri kwenda kumtafuta dada yake. Ule mfuko wa karatasi aliuweka kwenye begi la mkononi, nilimwona. Hakurudi, mashine alikuja kuimalizia mwingine. Kama dada alipatikana, mimi sijui. Bado najiuliza nikimwaga chai kikombeni.

Basi vijana, jibu langu ni hili. Nchi tajiri ikipatwa, ipelekewe. Si kwamba haina. Ipelekewe kidogo, cha kwetu, na apelekwe mtu wa kukaa. Wasipopelekewa kitu watabaki na mabenchi yao. Na anayeogopa kuchekwa akumbuke kwamba mimi nilichekwa na sikufa.

Nilistaafu. Meneja alinipa mkono na hotuba fupi, nikarudi nyumbani kwa Tumpe. Mwaka wa tatu wa kustaafu kwangu Tumpe akafariki. Watoto walikuja na magari kutoka Dar es Salaam na Mbeya, wakaleta turubai, wapishi wa kukodi, viti vipya vya plastiki. Majirani wakasema Balozi hana shida, watoto wake wameweka kila kitu. Walikuja mikono mitupu. Wakala, wakaondoka. Watoto nao wana kazi, magari yakaondoka.

Siku iliyofuata nilikuwa nimekaa chini ya lile turubai peke yangu, sijui hata nilikuwa naangalia nini. Akaja Asajile na fimbo yake, bega limeinama kwa mkungu wa ndizi. Akautua mlangoni.

"Usiniulize bei, Balozi," akasema.

Akavuta kiti. Alilala kwangu mpaka watu walipokuja kukunja turubai. Siku hizi miguu yake imekataa kilima, na mimi macho yangu yamekataa njia ya kwake, kwa hiyo tunatumiana salamu kwa watu.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba sita, bati jipya. Shamba la chai, si kubwa, ni langu. Migomba. Ng'ombe wawili wa maziwa. Redio. Kaburi la Tumpe limejengewa vizuri. Viti vya plastiki vimejaa chumba kizima. Viwili nimevitoa nje, nimeviweka barazani. Kimoja nakikalia.