Yasiri Alipelekwa Kuona Soko

Mimi naitwa Night Poni. Nauza dagaa na unga wa muhogo hapa Ludara, na watu wanasema mdomo wangu hauna breki. Sawa, waseme. Lakini habari ya jirani yangu Aidah lazima mtu aiseme, na yeye mwenyewe hataisema. Ukimuuliza atakuambia yamekwisha, atakuvutia kiti, atakuchemshia chai. Kwangu mimi hayajakwisha.

Aidah ni binti wa mwanajeshi, kazaliwa kambini, na kaolewa na mwanajeshi. Mume wake Swadiki kituo chake kiko mbali mashariki, anakuja nyumbani likizo mpaka likizo. Zamani Aidah alikuwa anafundisha watoto wadogo katika chekechea moja mjini Koboko. Korona ikaja, shule zikafungwa, zikakaa vile mpaka tukasahau kengele inaliaje. Zilipofunguliwa, ile yake haikufunguliwa, mwenye jengo alishaligeuza ghala la magunia. Aidah akarudi Ludara, akashika jembe kama sisi wengine.

Mtoto wake wa pekee ni Yasiri. Alipofika umri wa shule walimpeleka ile iliyo karibu, darasa limejaa mpaka watoto wengine wanakaa dirishani. Yasiri ni mtoto wa polepole, ukimuuliza anafikiri kwanza. Mwalimu hakuwa na muda wa kungoja afikiri. Akamchapa, kesho akamchapa tena, na mtoto akafunga mdomo. Simaanishi darasani tu. Alirudi nyumbani akawa haongei hata na mama yake. Ukimwita anakutazama, ukimuuliza anaangalia miguu yake. Nimezaa watoto, nimelea na wa wenzangu, lakini sijawahi kuona mtoto wa umri ule amenyamaza namna ile, na iliniuma.

Aidah akamtoa. Akasema atamfundisha nyumbani mwenyewe. Watu walicheka, na mimi nilikuwa mmoja wao, nikamwambia, "Mama Yasiri, sasa umekuwa na shule ya mwanafunzi mmoja, na mwalimu mkuu ni wewe, na mpishi ni wewe." Akaniambia nimlete na binti yangu Scovia ili wawe wawili. Nikamleta.

Kila wiki ilikuwa na jambo lake. Wiki ya simsim, watoto walikata mabua, wakayasimamisha yakauke, wakakung'uta, wakahesabu mbegu kumi kumi kwenye ungo. Wakakaanga, wakatwanga odi, ile tunayotia kwenye mboga, na walipokuwa wanalamba vidole Aidah akawaandikia herufi ya S kwenye unga wa muhogo juu ya sinia. Wiki ya udongo walijenga ghala dogo lenye kifuniko cha nyasi. Wiki ya maji walipima mtungi unajaa kwa vikombe vingapi. Ratiba ilifuata mvua. Ikinyesha wanasoma ndani, ikiwa ni palizi wanasoma shambani, wakiamka na homa hawasomi. Siku nyingine walimaliza kabla jua halijawa kali, siku nyingine nilimkuta Scovia jioni bado anapanga mawe kwa ukubwa na hataki kuja kula.

Na katika ile wiki ya simsim, Yasiri akasema. Scovia alikuwa amehesabu vibaya, na yule bubu wa miezi mingi akamwambia, "Umeruka nane." Basi. Maneno mawili. Aidah aliingia jikoni akalia na mwiko mkononi, mboga ikaungua, tukaila hivyo hivyo. Tangu siku hiyo mtoto alianza kurudi kidogo kidogo, neno hapa, neno pale, na Aidah akawa na jambo moja tu moyoni, kwamba Yasiri asiondoke hapo nyumbani mpaka maneno yake yamekomaa.

Sasa nimlete Fatumah. Huyu ni dada yake Swadiki, wifi yake Aidah, anakaa Arua upande wa Onduparaka, ambako siku ya mechi hata ukifiwa hupati boda. Amesomea ualimu, karatasi anazo, kazi hakuwa nayo. Alianza kuja Ludara mwisho wa wiki, anakaa na watoto, anakung'uta nao simsim, anapiga picha kila kitu kwa simu. "Wifi, nataka kujifunza kwako," anasema. "Wifi, wewe una kipaji." Aidah akampenda. Alimfundisha kila kitu bila kuficha, kwa nini unaanza na mikono ndipo herufi, kwa nini Yasiri usimharakishe, ukimuuliza unahesabu moyoni mpaka ajibu. Mimi yule mwanamke hakunikaa rohoni. Sifa zilizidi, na mtu akinipaka mafuta hivyo najua anatafuta mahali pa kushika. Nilimwambia Aidah. Akanijibu, "Mama Scovia, wewe unamshuku hata imamu akisalimia." Tukacheka.

Halafu ikaja wiki ya soko. Aidah alipanga watoto wauze na wanunue kwenye soko letu la Ludara, wajifunze vipimo. Fatumah akasema, "Hili ni soko dogo, wifi. Nipe Yasiri nimpeleke Arua akaone soko lenyewe, avione vitenge, mizani, magari ya mizigo ya Congo. Atarudi na maneno gunia zima."

Hapa lazima nieleze, maana wengine wataniuliza Aidah alikuwa wapi na akili zake. Katika ukoo wa Swadiki shangazi akija kumchukua mtoto, mama haulizi atarudi lini. Ukiuliza umemtukana, umesema humwamini kukaa na damu ya kaka yake. Mama anafunga mzigo, anatia chakula, anasindikiza hadi barabarani, ananyamaza. Aidah alifanya vyote. Alitia unga, akatia kopo la odi, akamvalisha mtoto shati la Idi. Fatumah akamkumbatia mbele yangu. Na Aidah hakuuliza.

Wiki ya soko ikapita. Ikapita na nyingine. Akipiga simu anaambiwa mtoto amelala, mtoto anacheza, mtoto anaoga. Baadaye simu ikawa inalia tu. Akampigia Swadiki, Swadiki akasema atulie, mtoto yuko kwa shangazi yake, wasiwasi wa nini. Aidah akatulia. Niliona anavyotulia, maana alikuwa anapalilia mstari mmoja mara mbili.

Aliyetufumbua macho ni binamu yangu Amandu, anaendesha boda Arua. Akanipigia kuhusu mzigo wangu wa dagaa, na mwishoni akasema, "Dada Poni, ule mtoto ya jirani yako, mi naona yeye kila asubuhi. Iko na yunifomu. Ile shule mupya, ile mwanamuke naleta yeye iko nafundisha pale. Jumamosi iko siku ya wazazi."

Nilikwenda kwa Aidah na mikono bado inanuka dagaa. Nilipomwambia alikaa chini, akaniuliza tu sare ni ya rangi gani. Kana kwamba rangi ingebadilisha kitu. Jumamosi tulikuwa Arua.

Jina la shule silitaji, wasije wakanipeleka mahakamani. Ni ya binafsi, ukuta bado unanuka rangi, turubai imefungwa uwanjani, wazazi wamevaa vizuri. Tukakaa nyuma. Na mbele, juu ya meza yenye kitambaa, nikaona wiki zote za Aidah zimepangwa. Simsim kwenye ungo, kumi kumi. Ghala la udongo na kifuniko chake cha nyasi. Sinia la unga lenye herufi. Mtungi na vikombe. Ubaoni zimebandikwa picha kubwa, na ua ule naujua, ni wa Aidah, ila Aidah mwenyewe hayumo hata kwenye moja. Mkono wake tu ulionekana katika picha moja, ukishika mwiko.

Mwalimu mkuu, Bwana Alionzi, akasimama akaeleza kwamba shule yake ina mbinu ambayo hamtaipata kwingine, na mwenye mbinu hiyo ni Mwalimu Fatumah, ameibuni kwa akili yake. Fatumah akasimama akainamisha kichwa, watu wakapiga makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimevaa viatu virefu.

Kisha wakamwita Yasiri.

Alikuja na sare imemzidi mabega. Akashika ungo, akaeleza simsim tangu kupandwa mpaka kutwangwa, sentensi nzima nzima, kwa utaratibu wake, na uwanja ukamngoja. Aidah machozi yalikuwa yanamtoka, na nasema kweli, yalikuwa ya furaha. Kwa muda ule alisahau kila kitu. Mtoto wake anaongea mbele ya watu.

Bwana Alionzi akamwinamia. "Vizuri sana. Na nani amekufundisha haya yote?"

Ndipo Yasiri alipomuona mama yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Fatumah.

"Mwalimu Fatumah," akasema, na akaangalia miguu yake.

Nilihisi Aidah amekuwa mzito pembeni yangu. Hakupiga kelele. Aliinuka, akazunguka nyuma ya turubai, akamngoja wifi yake pale, na mimi nikamfuata, maana kama kungekuwa na ngumi nilitaka kuwa karibu.

"Wifi," Aidah akamwambia, "ulisema anakuja kuona soko."

"Ameliona."

"Na sare?"

"Usinitie aibu mbele ya mkubwa wangu," Fatumah akasema kwa sauti ya chini. "Walitaka mwalimu mwenye mbinu mpya, na mtoto wa kuonyesha kwamba inafanya kazi. Kazi hii nimeitafuta mpaka viatu vimekwisha. Wewe kule Ludara ungemwonyesha nani? Mbuzi?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekuja kufundisha na wewe," Aidah akasema.

Hilo Fatumah hakuwa amelifikiria. Nililiona usoni mwake. Kamwibia mtu ambaye angempa, na sasa anajua. Lakini mtu akishafika hapo harudi nyuma, anakuwa mkali zaidi.

"Namrudisha mwanangu nyumbani," Aidah akasema.

"Mpigie mume wako kwanza."

Akampigia. Simu yake ina sauti kubwa, na hata isingekuwa nayo ningesogea. Swadiki akasema anajua. Akasema Fatumah alimweleza tangu Ramadhani, na yeye ndiye aliyekubali. Mtoto wa mwanajeshi hawezi kukulia kwenye udongo na kukung'uta simsim, anataka sare, anataka ripoti, anataka kupanga foleni kama watoto wa watu.

"Nilikuuliza," Aidah akasema. "Nilikupigia nikakuuliza mtoto wangu yuko wapi."

"Nikakuambia yuko kwa shangazi yake. Nilidanganya?"

Aidah akageuka kutazama uwanjani.

"Mtoto ni wa ukoo, Aidah. Muache hapo mpaka nije." Akakata.

Wawili hao walikaa wakapanga tangu mwezi wa kufunga, Aidah akifuturu peke yake na kuwaombea. Nilimwambia tumbebe mtoto, Amandu yuko getini na boda, tuondoke. Alitikisa kichwa. Angembeba, kesho yake ukoo mzima ungekuja kumchukua kwa makelele, na Yasiri angekuwa katikati anavutwa mikono. Nililijua hilo pia. Ila hasira haitaki kujua.

Yasiri akaja mbio kutoka upande wa uwanja, akamshika mama yake kitenge, akamvuta nyuma ya mti wa uzio.

"Mama, jifiche," akasema.

"Kwa nini nijifiche?"

"Shangazi alisema nikisema ni wewe umenifundisha, polisi watakufunga. Kwa sababu hukunipeleka shule. Ndiyo nikasema yeye." Akachungulia getini. "Sikusema wewe, Mama. Hata walimu walivyoniuliza jana sikusema."

Aidah akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake zuri. Akamshika mashavu.

"Hakuna polisi. Hakuna mtu wa kunifunga, sina kosa. Umenisikia?"

Mtoto akafikiri. Tulimngoja afikiri.

"Basi shangazi alisema uongo?"

Fatumah alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, amesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza siku ile uso ulimshuka. Mimi jibu lilikuwa ulimini, limekaa tayari, ndiyo, ni mwongo, na baba yako pia. Aidah akainua kiganja chake kuelekea kwangu bila hata kunitazama, nikameza. Alikuwa anamtazama wifi yake. Mtoto huyu ataamka nyumbani kwa mwanamke yule kesho, na keshokutwa, atakula kwenye mkono wake. Mara ya kwanza alipomwogopa mtu mzima aliyeshinda naye, yule mwalimu wa kuchapa, mdomo ulifungika miezi mingi.

"Hapana," Aidah akasema. "Shangazi yako hasemi uongo. Aliniogopea tu, kwa sababu ananipenda."

Yasiri akashusha pumzi. Akafuta macho kwa mkono wa ile sare kubwa, akarudi mbio kwa Fatumah, akamshika mkono.