Daftari la Mzee Rajabu

Ipo Jumapili moja hainitoki kichwani, mwanangu. Nakumbuka nimesimama kando ya kiwanja cha vumbi hapahapa Johannesburg, vuvuzela mkononi, namfokea mzee wa watu mbele ya umati. Jana uwanjani nimekusikia ukilalamika: timu mbovu, uongozi mbovu, beki mzito kama gunia. Kisha nikakuona unacheka nilipoita jina la mtu asiyeitika. Sikukugombeza. Leo kaa hapa nikusimulie, na ukitaka kunijibu kwa Kizulu chenu nyie vijana mliozaliwa huku nijibu, mradi unasikia.

Ulikuwa mwaka 2011. Kombe la Dunia lilishapita, wageni wameondoka, vuvuzela wametuachia sisi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, msusi, nimetoka Kigoma kumfuata mume. Mume naye akaenda Cape Town kutafuta kazi, akasema akitulia atapiga simu nimfuate. Haya, mpaka leo naisubiri. Nikabaki na chumba kimoja Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao. Jirani akikohoa namsikia, jina lake silijui. Nilikuwa mpweke, mwanangu, na sioni haya kusema. Redio niliifungulia ili chumbani pawe na mtu anayeongea, hata akiongea lugha nisiyoielewa. Wiki nzima nilikuwa naingojea Jumapili, kwa sababu Jumapili kulikuwa na timu.

Timu ya Ziwa, ndivyo tulivyoiita, maana wengi wetu tulitoka kandokando ya Tanganyika: Kigoma, Uvira, Bujumbura. Na ilikuwa inafungwa, jamani! Leo tano, wiki ijayo saba. Kiongozi wake alikuwa Mzee Rajabu, fundi cherehani, Mrundi, mtu mpole aliyeswali Ijumaa kule Mayfair na kurudi na sambusa za kugawa. Jezi alishona mwenyewe. Wachezaji aliwachagua mwenyewe, na hapo ndipo damu yangu ilipokuwa inachemka, kwani alimchukua kila aliyejitokeza. Umeshuka basi jana, hata kuvuka barabara kwenye robot, hizi taa za magari, hujajua? Basi wewe winga wa kulia.

Kipa ndiye alikuwa balaa lenyewe. Byamungu, Mkongo wa Uvira, mlinzi kwenye duka moja kubwa. Alikuja kiwanjani moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu, soksi za kazi bado mguuni. Mpira unapita, yeye anaupigia saluti.

Halafu lile daftari. Kabla ya kila mechi Mzee Rajabu alitoa daftari la shule, akasoma majina yote, hata ya wale wa benchi ambao hawakucheza maishani. Kila mtu aitike "Nipo!" ndipo apigiwe alama. Asipoitika, Mzee anasimamisha mambo yote, anapiga simu. Simu isipopokelewa, anatuma watu wawili chumbani kwake wakamtazame. Wapinzani wanacheka, refa anatazama saa. Mara moja tulinyang'anywa ushindi kwa kuchelewa kuanza. Nikapaza sauti, "Hii ni timu au chekechea?" Watu wakaangua kicheko, na mimi kichwa kikavimba. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila ulimi wangu siku zile haukuwa na breki.

Nikaanza kampeni. Saluni nasuka, kichwa cha mteja kiko mapajani, nahubiri: mzee aondoke, kipa aondoke. Jumapili tuliyofungwa nane tukamzunguka, nami nikawa mbele. Nikamwambia, "Mzee, umechoka. Tuachie timu yetu."

Hakubisha. Akanikabidhi daftari. "Chukua, mama. Ila usiruke hata jina moja."

Nikayaona ni maneno ya mzee aliyeumia tu. Daftari nikalitupa chini ya boksi la rasta saluni, likakaa huko.

Timu tukampa kijana mmoja mwenye kofia na filimbi. Akaleta vijana wa nguvu kutoka Diepsloot, wanafika dakika tano kabla ya mechi, wanacheza, wanaondoka, salamu hakuna. Tukashinda. Eish, tulishinda mechi tano mfululizo! Nilipuliza vuvuzela mpaka midomo ikafura. Nikirudi chumbani, upweke ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani, wala sikujiuliza kwa nini.

Byamungu alipita saluni mara moja, kofia ya kazi mkononi. Akaniuliza, "Dada, Jumapili mtaniita?"

Sikuinua hata macho. "Tutakuita, kaka." Nilisema hivyo ili aondoke.

Ikapita miezi miwili. Mchana mmoja Mzee Rajabu akaingia saluni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akaomba daftari lake. Nikalichomoa chini ya boksi, nikalipangusa nywele. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akanieleza kwamba mlinzi mmoja alimpelekea suruali ya kupunguza, na katika mazungumzo akamwuliza, "Yule Byamungu wenu, mlimzika wapi?"

Kitana kilinidondoka. Byamungu aliugua homa chumbani kwake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Alilala humo siku nne peke yake. Mwenye nyumba alipofungua mlango, alikuwa hawezi tena kusema. Alifia hospitali. Mzee alikwenda kuulizia, akaambiwa hakuna ndugu aliyejitokeza, kwa hiyo serikali ilimzika. Wenzake kazini walidhani tumemzika sisi, watu wa timu yake. Na sisi, mwanangu, tulikuwa kiwanjani tunashangilia.

Mzee akafungua daftari, akaweka kidole penye alama ya mwisho ya Byamungu. Ilikuwa Jumapili ile tuliyomfungisha Mzee virago. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

Akasema taratibu, "Najua hakuwa anajua kudaka, mama. Nilimweka golini kwa sababu mji huu mzima hakuwa na mtu mwingine wa kumwita jina. Asipofika Jumapili, tujue Jumapili hiyohiyo." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Na wewe, uliwahi kujiangalia?"

Nikatazama. Jina langu lilikuwa la mwisho, chini ya wachezaji wote. Alama kila Jumapili, hakuna hata moja iliyokosekana.

"Wewe sikuwa na haja ya kukuita," akasema. "Kelele zako zilitosha."

Nililia mbele ya wateja, kichwa cha mtu kimesukwa nusu. Kumbe kila nilipomwita mzee yule mzembe, alikuwa anatoa kalamu, anaandika kwamba nipo. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajawahi kuondoka nyumbani.

Mwanangu, shabiki kulaumu ni haki yake. Laumu beki, laumu kocha, hata mimi jana kile kikosi nimekilaani kimoyomoyo. Lakini kabla hujasema fulani atolewe, jiulize akitoka hapa anakwenda kuwa na nani. Ukimwambia mtu "tutakuita", mwite. Usiseme ili aondoke. Asiyefika, mfuate siku hiyohiyo, usingoje kuambiwa na fundi wa suruali. Mtu ni watu, na huku ugenini watu wenyewe ndio hawa, wanaojua mpira na wasiojua.

Mzee Rajabu ametangulia mbele ya haki. Daftari sasa ni la nne, na linakaa kwangu. Kila Jumapili naanza na Byamungu. Naita, nangoja kidogo, hakuna anayeitika, naendelea. Ndilo jina ulilolicheka jana.

Nenda, Mungu akutunze. Akupe umri, akupe na watu wa kuuliza uko wapi siku usipoonekana. Na Jumapili moja usiposikia kelele zangu, mwanangu, acha mechi, uje ugonge mlango.